Una kuvu, una nyigu, na vidukari bado wapo: kusoma dalili na kupata chanzo

Kuvu zinazoua wadudu na nyigu vimelea wote ni maadui wa kidukari, lakini uadui huo hauwafanyi kuwa washirika. Wanagombea mwili mmoja. Nyigu jike wa Aphidius hutaga yai moja ndani ya kidukari aliye hai. Buu akianguliwa huanza na mafuta na majimaji ya mwili, huku kidukari akiendelea kufyonza jani na hata kuzaa, kisha mwishoni humaliza viungo vyote. Kuvu kama Beauveria bassiana au Lecanicillium hupitia ngozi: spora, yaani chembe ndogo ambazo kuvu huzaliana kwazo, hunata, huota, hutoboa, na nyuzi zake husambaa ndani. Wote wawili wakiwa ndani ya kidukari mmoja, kwa kawaida ni mmoja tu atakayemaliza safari.

Anayeshinda si yule mwenye nguvu zaidi. Ni yule aliyetangulia kwa siku za kutosha. Hilo ndilo ninalotaka msomaji alishike kabla ya kubadilisha dawa, kuongeza kipimo au kuagiza nyigu zaidi, kwa sababu sehemu kubwa ya lawama zinazotupiwa bidhaa au wadudu hawa ni makosa ya ratiba. Na ratiba haiwezi kurekebishwa kama hujui ni nini hasa kimewaua vidukari waliokwisha kufa shambani mwako.

Kwanza soma maiti

Chukua lenzi ya mkononi inayokuza mara 10, geuza majani ya katikati ya mmea, na angalia upande wa chini. Utakutana na vitu vya aina nne au tano vinavyochanganywa kila mara.

Kidukari aliyevimba, mviringo, ngozi ngumu yenye rangi ya majani makavu au dhahabu iliyofifia, ni mumia ya Aphidius, yaani ganda la kidukari aliyekufa ambalo nyigu mchanga anakua ndani yake. Ikiwa nyeusi na nyembamba kidogo, hiyo ni ya Aphelinus, nyigu mwingine. Ukiona ngozi ya kidukari imekaa juu ya kijihema cheupe cha hariri, buu amejisokotea chini ya mwili badala ya ndani yake, na huyo ni Praon. Mumia nzima isiyo na tundu bado ina kiumbe ndani, basi usiing'oe.

Kuvu huonekana tofauti. Maiti ya Lecanicillium hufunikwa na nyuzi nyeupe laini, na mara nyingi utaziona kwanza kwenye miguu na maungio. Beauveria hutoa unga mweupe. Metarhizium huanza nyeupe ikageuka kijani cha zeituni. Pandora neoaphidis, ambayo mara nyingi hufika yenyewe bila kuletwa na mtu, huacha kidukari wa rangi ya kahawia au chungwa hafifu aliyeshikiliwa kwenye jani na vijinyuzi. Tazama jani lililomzunguka: kuna duara la unga mweupe. Kuvu hii hurusha spora zake kwa nguvu, na duara hilo ndilo alama ya mrusho huo.

Sasa vile vinavyodanganya. Vitu vyeupe vyepesi vilivyotapakaa juu ya majani, ukipuliza vinaruka, ni ngozi ambazo vidukari wamejivua. Si kuvu. Ni ushahidi kwamba kundi linakua vizuri. Masizi meusi juu ya majani ni ukungu unaokula majimaji matamu yanayotolewa na vidukari, nao haumdhuru mdudu yeyote. Maiti zilizosinyaa, tupu, zilizobaki zimening'inia kwa mdomo, zimefyonzwa na mabuu wa wadudu walao vidukari.

Ukibaki na shaka, fanya jaribio la kisahani. Weka karatasi laini yenye unyevu ndani ya kisahani chenye kifuniko, panga maiti bila kugusana, funika, acha kwenye joto la kawaida la chumba kati ya saa 24 na 72. Maiti ya kuvu itatoa manyoya. Angalizo moja: ukungu wa kijivu wenye vichwa vyeusi kama vya pini ni wa uozo tu, ulikuja baada ya kifo. Kuvu iliyoua huanza kutokeza kwenye maungio na mikunjo ya mwili, na maiti zote zilizouawa nayo hufanana.

Kwa vidukari walio hai, mpasue mmoja ndani ya tone la maji juu ya kioo kwa sindano mbili. Ukipata buu mweupe aliyejikunja, pengine akijinyonganyonga, nyigu wako alifika. Ukipata uji uliochafuka, usiopenya mwanga, na hakuna buu, shuku kuvu. Ukipata viini vya watoto wake vikiwa vimepangana vizima, huenda hajaguswa na yeyote, au ameguswa siku chache tu zilizopita.

Mumia zilikuwa zinaongezeka, zikakoma baada ya kuanza kupulizia kuvu

Hili ndilo tatizo linalonipa maswali mengi kuliko yote, na jibu lake liko kwenye kalenda.

Kwenye joto la nyuzi 20 hivi, yai la Aphidius colemani huanguliwa ndani ya takriban siku 3. Mumia huonekana kati ya siku ya 7 na ya 10. Nyigu mzima hutoka karibu na siku ya 14. Kuvu, kwa upande wake, humuua kidukari ndani ya siku 3 hadi 7 tangu spora ziote, kutegemea joto, unyevu na kiasi cha spora. Linganisha hesabu hizo mbili. Kuvu ikiingia siku ile ile nyigu alipotaga, au siku moja mbili baadaye, kidukari atakufa wakati buu bado ni mdogo mno kujitegemea. Buu hufa pamoja na nyumba yake. Kuvu ikichelewa, inakuta buu mkubwa amekwisha kula sehemu kubwa ya mwili na yuko karibu kuugeuza kuwa mumia. Hapo nyigu hushinda mara nyingi.

Mstari wa kugawa hukaa karibu na siku 4. Ulionekana wazi katika majaribio ya maabara ya Pandora neoaphidis pamoja na Aphidius rhopalosiphi kwenye vidukari wa nafaka: kuvu ilimshinda nyigu isipokuwa yai lilipokuwa limetangulia kwa takriban siku hizo. Kwa kuvu nyingine na nyigu wengine idadi huyumba, lakini mwelekeo ni huo huo.

Sasa tazama ratiba ya kawaida ya kupulizia, kila baada ya siku 7. Yai lililotagwa siku tatu za kwanza baada ya kupulizia linakutana na spora ambazo bado ni hai kwenye majani. Yai lililotagwa siku za mwisho kabla ya mpulizo unaofuata linakutana na spora mpya likiwa halijatimiza siku 4. Hakuna siku salama katika wiki nzima! Mtu anafuata maelekezo ya bidhaa neno kwa neno, anaachia nyigu wazuri, na anawanyima nafasi bila kujua. Ukipulizia kila baada ya siku 5, hali ni mbaya zaidi.

Tiba yake ni kuvunja ratiba hiyo na kuchagua nani atangulie. Vidukari wakiwa wengi, wamejazana kwenye vichipukizi na majimaji matamu yanadondoka, tanguliza kuvu. Kuvu hufanya kazi vizuri palipo na msongamano, na nyigu wachache hawawezi kufukuzana na kundi linaloongezeka kwa kasi hiyo. Pulizia mara mbili, ngoja siku 5 hadi 7 tangu mpulizo wa mwisho ili walioambukizwa wafe, kisha achia nyigu. Ukiwaachia mapema watataga ndani ya vidukari walio wagonjwa tayari, maana siku za mwanzo za maambukizi hazina dalili ya nje, na mayai hayo ni hasara tupu.

Vidukari wakiwa wachache na wametawanyika, tanguliza nyigu. Yeye hutafuta kwa miguu na harufu, jani kwa jani, jambo ambalo spora haiwezi. Mpe siku 10 bila kupulizia. Ukiona mumia za kwanza zimekauka na kubadilika rangi, unaweza kupulizia. Ganda la mumia ni gumu na ndani limezungushiwa hariri, na spora nyingi hazipenyi.

Hapa nina ombi. Usipime mafanikio kwa kuhesabu mumia peke yake. Kidukari aliyekuwa na yai la nyigu akauawa na kuvu bado amekufa, na mmea umepona kwake. Ulichopoteza ni nyigu wa kizazi kijacho. Kama mazao yako yamebakiza wiki chache shambani, hasara hiyo ni ndogo. Kama ni msimu mrefu ndani ya kitalu nyumba, ni kubwa. Hesabu vidukari hai kwa kila jani, majani yale yale ya alama, kila wiki, ndipo utajua unapunguza au unazunguka pale pale.

Kuvu imepuliziwa, maiti hazionekani

Sababu hapa ni nyingi ila hazina ugumu. Kuvu nyingi za aina hii zinataka unyevu wa hewa unaokaribia au kuzidi asilimia 90 kwa saa kadhaa, kwa baadhi karibu siku nzima, ili spora ziote na kutoboa. Joto zuri ni kati ya nyuzi 20 na 28. Likipita 30 kwa muda mrefu, nyingi hupunguza kasi au husimama. Mwanga wa jua huziua spora zilizo wazi ndani ya muda mfupi. Basi pulizia jioni, elekeza nozeli chini ya majani, na usiache mchanganyiko ulale ndani ya bomba hadi kesho.

Kuna sababu moja inayosahaulika: kujivua. Kidukari mchanga hujivua ngozi kila baada ya siku mbili hivi wakati wa joto. Spora iliyonata bila kumaliza kutoboa inaondoka na ngozi hiyo, na mdudu anabaki mzima. Ndiyo maana usiku mmoja mkavu baada ya kupulizia unaweza kufuta kazi yote kwa wachanga huku wakubwa wakifa. Ukiona wakubwa wana manyoya na wachanga wanatembea bila wasiwasi, kosa si la bidhaa. Ongeza unyevu saa za usiku, na urudie kabla wachanga hao hawajaanza kuzaa.

Dawa za ukungu wa mimea nazo ni dawa za kuvu, na kuvu yako ni kuvu. Mankozebu ni mfano wa zile zinazoumiza Beauveria. Usichanganye ndani ya bomba moja, na usitumie bomba ambalo halijasafishwa.

Ukishuku kwamba bidhaa imekufa kabla ya kufika kwako, chovya jani lenye vidukari ndani ya mchanganyiko na jingine ndani ya maji matupu, uyaweke kwenye visahani viwili vyenye unyevu. Tazama kwa siku 7. Manyoya kwenye kisahani cha kwanza na si cha pili yanamaanisha spora ni hai na tatizo liko shambani. Bila kisahani cha maji matupu, jaribio halina maana.

Nyigu wazima wanakufa au wametoweka

Beauveria na Metarhizium hazichagui sana, na katika maabara, nyigu waliopuliziwa moja kwa moja kwa kipimo kikubwa hufa. Shambani madhara huwa madogo kuliko ya maabara, kwa kuwa nyigu hujisafisha, huruka, na hupata spora chache. Pandora neoaphidis ni ya vidukari na haimshiki nyigu mzima. Inamnyima tu chakula cha watoto wake.

Kwa hiyo usikimbilie kuilaumu kuvu. Wakusanye nyigu waliokufa, uwaweke kwenye kisahani chenye unyevu. Wakitoa nyuzi nyeupe kwenye maungio, kuvu inahusika, na dawa yake ni kupulizia kabla ya kuachia, au kuachia majani yakiwa yamekauka kabisa. Wasipotoa kitu, angalia mabaki ya viuatilifu vya zamani, salfa, mafuta yaliyochanganywa na spora, joto la mchana, na ile mitego ya manjano yenye gundi, ambayo huwanasa nyigu bila kubagua.

Nyigu wanachoma, mumia hazitokei kabisa

Umewaona kwa macho wakikunja tumbo mbele kati ya miguu na kuchoma. Wiki mbili zinapita, hakuna kitu, na hukupulizia kuvu yoyote. Hapa kuna mambo matatu.

La kwanza ni kukosea aina. Aphidius colemani anafaa kwa vidukari wadogo kama Myzus persicae na Aphis gossypii. Kwa wakubwa kama Macrosiphum euphorbiae na Aulacorthum solani, anayehitajika ni Aphidius ervi au Aphelinus abdominalis. Tambua kidukari wako kabla ya kuagiza.

La pili ni sisimizi. Wanalinda vidukari kwa ajili ya majimaji matamu, wanamfukuza nyigu au kumkatiza kabla hajamaliza, na pia huondoa maiti zenye kuvu kutoka kwenye kundi. Wazuie kupanda mmea kabla ya kujaribu kitu kingine.

La tatu linanivutia kuliko yote. Vidukari wengine hubeba bakteria wa kuwalinda. Katika kidukari wa njegere, Acyrthosiphon pisum, bakteria Hamiltonella defensa akiwa na kirusi kiitwacho APSE huua yai au buu wa Aphidius ervi akiwa bado mchanga. Kinga ya bakteria huyo ilithibitishwa mwaka 2003. Miaka miwili baadaye, 2005, ilionyeshwa kwamba bakteria mwingine, Regiella insecticola, humlinda kidukari huyo huyo dhidi ya Pandora neoaphidis. Ina maana kwamba ndani ya shamba moja kunaweza kuwa na ukoo usioogopa nyigu na ukoo usioogopa kuvu, na ukimtumia adui mmoja tu unaupendelea ule unaomstahimili. Hii ndiyo sababu nzito ya kuwa na wote wawili hata kama wanagombana.

Kuthibitisha, watenge vidukari waliochomwa mbele yako na upasue wachache siku ya 5 na wachache siku ya 7. Usipopata buu mkubwa kwa yeyote, na aina ya nyigu ni sahihi, nenda kwenye kuvu. Kinga ya Hamiltonella hudhoofika pia joto linapopanda sana, hivyo matokeo yanaweza kubadilika msimu kwa msimu.

Mumia ni nyingi mno, vidukari wanarudi

Tazama matundu. Aphidius akitoka hukata tundu la duara safi, mara nyingi kifuniko chake kikiwa kimebaki kikining'inia. Ukiona tundu lenye kingo zilizochanika ovyo, aliyetoka ni nyigu mwingine aliyemla wa kwanza: Asaphes, Dendrocerus, Pachyneuron au Alloxysta. Kusanya mumia nzima kadhaa kwenye chupa iliyozibwa kwa pamba na uone nani anatoka. Hawa wa pili huchukua muda mrefu zaidi, kwa hiyo usifunge hesabu mapema.

Wakiwa ndio wengi, kila nyigu unayemwongeza ni chakula chao. Acha kuachia Aphidius. Hapa kuvu ina faida ambayo nyigu hana, kwani hakuna nyigu wa pili anayeweza kuila. Itumie bila kuogopa mumia zilizopo, maana nyingi si zako tena.

Vidukari wametawanyika ovyo baada ya nyigu kuingia

Hili si tatizo, ingawa linaonekana baya. Kidukari akichomwa hutoa harufu ya hatari, na wenzake hung'oa mdomo, hutembea au hujiangusha. Ukiwa na kuvu kwenye majani, kutembea huko ndiko kunakowapitisha juu ya spora ambazo wasingezigusa wakiwa wamekaa. Katika majaribio ya Pandora, uwepo wa nyigu wanaotafuta uliongeza maambukizi. Usipulizie kitu kwa hofu siku hizo. Kagua tena majani ya chini baada ya wiki.

Kundi limeanguka ghafla, na nyigu nao wamekwisha

Mlipuko wa Pandora au, kwenye pamba, Neozygites fresenii, unaweza kufagia vidukari karibu wote ndani ya siku chache za hewa yenye unyevu. Nyigu hukosa pa kutaga. Kisha hewa inakauka, vidukari wachache waliobaki wanazaa bila bughudha.

Njia ya kuvuka pengo hilo ni mimea ya akiba: visanduku vya shayiri au ngano vyenye kidukari wa nafaka Rhopalosiphum padi, ambaye hashambulii mboga za majani mapana lakini Aphidius colemani anazaliana ndani yake. Viweke mbali na pembe zenye unyevu mwingi, kwani Pandora humpata na huyo pia, na uvifunike kila unapopulizia kuvu. Panda sanduku jipya kila baada ya wiki moja au mbili, ili moja likivamiwa na nyigu wa pili ulitoe nje lote bila kubaki mikono mitupu.